Msingoje Azae Ndipo Mtafute Pesa

Papa mmoja wa ua wetu alisimama kwenye mkutano wa wapangaji, akaninyooshea kidole, akaniuliza: "Wewe kijana, watoto wa Congo wanalala njaa humu humu Nsambya, halafu unachangisha pesa ya kumpasua mbwa?" Watu wakapiga makofi. Wengine wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kijitabu cha michango na kalamu, na jibu sikuwa nalo. Nilisema tu, "Papa, nitakujibu," nikaketi.

Hili ndilo jibu. Limechelewa, lakini nimeliandika hapa ili ndugu zetu wa Nakivale, Kyaka na Rwamwanja nao walisome, na wafanyakazi wa mashirika ambao hupewa gazeti hili kila linapotoka. Mbwa wasio na mwenyewe hawako Kampala peke yake.

Nianze na njaa, maana ndiyo iliyopigiwa makofi. Ni kweli, papa. Sisi wakimbizi wa Kampala hatupangi foleni ya mgao. Ukichagua kukaa mjini, kodi ni yako, maji ni yako, ada ya shule ni yako. Mama zetu wanazungusha vitenge tangu asubuhi mpaka miguu inavimba, na jioni wanarudi na pesa ya unga na sombe basi. Kwa hiyo sikuchangisha kwa kuwa tuna pesa. Nilichangisha kwa kuwa hatuna. Tajiri wa Kololo anaweza kumudu mbwa anayezaa kila joto. Sisi hatuwezi, na mwaka 2023 tulilipa ili kulijua hilo. Papa amesahau, au anajifanya kusahau.

Wasioujua ua wetu: vyumba kumi na vinne, bomba moja, vyoo viwili, na ukuta uliobomoka upande wa mtaro. Mwaka ule kulikuwa na jike mweusi aliyekuwa akiingia kupitia lile tundu la ukuta. Hakuna aliyesema ni wake. Kila mtu alimtupia kitu, mfupa, makombo ya bugali, na kila mtu alimfukuza. Tulimwona tumbo linakua. Nasisitiza hapo: tulimwona. Mimba ya mbwa inachukua kama siku 63, yaani miezi miwili mizima tulipita mbele ya tumbo lile tukienda kuchota maji. Akazaa nyuma ya choo, watoto saba.

Kijana wa miaka sita alifuata mpira wake huko nyuma. Mbwa mwenye watoto wachanga haulizi ulikuja kufanya nini. Alimng'ata mguuni na mkononi. Sisi tukafanya kama tulivyozoea nyumbani, tukambandika unga wa kahawa kwenye kidonda. Baadaye nesi alitugombeza: kidonda cha mbwa kinaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu unakwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya kwanza chanjo ilikuwa imekwisha. Tukanunua kwenye kliniki ya binafsi, shilingi 55,000 kila dozi, dozi nne, na bodaboda 10,000 kwenda na kurudi kila safari. Pigeni hesabu wenyewe: 260,000. Mama wa yule kijana aliuza cherehani yake. Mpaka leo hajanunua nyingine. Anashonea ya kukodi, siku ikiwepo.

Jike yule alikula nyama yenye sumu usiku wa Jumapili. Nani aliiweka sijui, na sitaki kujua. Watoto wake wawili walikufa kwa njaa kabla ya mwisho wa wiki. Wawili walipotea. Watatu waliobaki waliwekwa kwenye gunia, na kijana mmoja akapewa 5,000 akalitupe mtaroni. Kijana huyo ni mimi. Nilinunua rolex na bando. Hivyo papa akiniita mpenda mbwa, anakosea. Mimi najua uzito wa gunia lile, ndiyo maana sitaki kulibeba tena, wala sitaki mdogo wangu wa kikundi cha Jumamosi aje kulibeba kwa 5,000.

Basi, huyu wa sasa. Watoto wa kikundi changu walimleta siku ya mvua, akiwa na waya shingoni umemkata mpaka kwenye nyama. Walimwita Karibu. Ukisikia mtu anapiga kelele uani "Karibu, toka!" usishangae, ndiye huyo. Tulikata waya kwa koleo ya fundi baiskeli. Kidonda kikapona. Alikuwa bado kijana, jino jeupe, chini ya mwaka. Nami nikaanza kuhesabu vichwani mwetu: huyu naye ni jike.

Hapo nikakutana na ushauri wa bure, ambao kwa kweli ndio wa gharama kubwa kuliko wote.

Jirani mmoja alisema tumchome sindano ya mpango wa uzazi, ile ile ya akina mama ya miezi mitatu, inauzwa dukani na haifiki hata 20,000. Wengi Kampala wanafanya hivyo. Ndugu zangu, sindano ile kwa mbwa ni hatari. Dawa zile za homoni huongeza hatari ya mfuko wa uzazi kuota maradhi na kujaa usaha. Mbwa anaanza kunywa maji kupita kiasi, hali, analala tu, wengine wanatoa uchafu nyuma na wengine hawatoi kitu, na asipopasuliwa haraka anakufa. Ugonjwa huu unaweza kumpata jike yeyote ambaye hajatolewa kizazi, mara nyingi wiki chache baada ya joto kuisha. Sindano unamsogeza karibu nao. Umeokoa 100,000 leo, baada ya miezi michache unalipia upasuaji wa dharura, au unachimba shimo.

Mwingine alituletea mtu mwenye mkoba. Alitaka 40,000, amfanyie hapo hapo uani juu ya meza ya mama muuza samaki. Nikamwuliza dawa ya usingizi iko wapi. Akasema watoto watamshika. Nilimwomba aondoke, na niliomba kwa adabu kwa sababu ni mtu mzima.

Tena kuna wale wa "mwache azae mara moja kwanza ndipo awe na akili." Hii niliisikia kwa Wakongo, kwa Waganda, kwa Wasomali, kwa Warundi, kama kuna jambo limetuunganisha wakimbizi na wenyeji wetu, ni hili. Hakuna faida yoyote ya kiafya kwa mbwa kuzaa kwanza. Kinyume chake: jike anayetolewa kizazi mapema, kabla joto hazijawa nyingi, madaktari wengi wanasema ana nafasi ndogo ya kupata uvimbe wa matiti uzeeni. Na tuseme ukweli, nani kati yetu anayemwacha "azae mara moja" ameandaa nyumba za hao saba?

Bei niliyotajiwa kwanza, kwenye kliniki moja ya mlimani ambako hata mlinzi alikuwa na viatu kuliko mimi, ilikuwa 350,000. Nilitoka nimekata tamaa. Nataka wasomaji mjue kwamba hiyo si bei ya Kampala yote. Ulizeni. Chuo Kikuu cha Makerere kina kitivo cha udaktari wa mifugo chenye kliniki ya wanyama wadogo. Kuna USPCA, chama cha Uganda cha kuwalinda wanyama, ambacho kazi yake ni mbwa na paka wasio na kwao. Kuna madaktari wa mifugo wa mitaani waliosajiliwa, wenye kliniki ndogo Ndejje na Kajjansi na kwingineko, ambao ukimweleza kwamba mbwa ni wa kuokotwa na wanaochanga ni wapangaji, anapunguza. Usione haya kueleza. Sisi kila siku tunaeleza hali yetu kwa watu waliokaa nyuma ya meza. Mara hii eleza kwa faida. Na ukiuliza bei, uliza bei ya jumla: dawa ya usingizi imo? Dawa ya maumivu imo? Ya vidonda? Kutoa nyuzi? Chanjo ya kichaa cha mbwa? Kuna mahali waliniambia 90,000, nikafurahi, kumbe ukijumlisha vyote vilivyokuwa pembeni inapanda mpaka 170,000. Mahali tulipokubaliana walisema 130,000, vyote ndani, na chanjo juu.

Nikampeleka siku hiyo hiyo, maana nilimwona anatona damu na nikasema mambo yameharibika. Daktari, dada mmoja kijana tu, alivaa glavu akamtazama pole pole. Aliniambia kwanza kwamba damu kwa jike wa mitaani isikufanye ukate shauri haraka. Kuna uvimbe unaoambukizwa mbwa wanapopandana, unachipuka sehemu za siri kama ua la koliflawa na kutoa damu. Mbwa wa mitaani wanao sana. Huo hautibiwi kwa kutoa kizazi, unatibiwa kwa sindano za kila wiki, na mtu asiyejua anakaa miezi akisema "ni joto, litapita." Joto lenyewe kwa kawaida linachukua kama wiki tatu. Ikizidi hapo bado anatona, nendeni mkaangaliwe.

Yetu ilikuwa joto kweli. Nami nikasema basi tumpasue leo, pesa nitaitafuta. Akakataa. Akanieleza kwamba wakati wa joto mishipa ya kizazi imejaa na kuvimba, damu inaweza kutoka nyingi, upasuaji ni mrefu na ghali zaidi. Akasema tusubiri miezi miwili au mitatu baada ya joto kuisha, ndiyo kipindi mwili umetulia. Kisha akamfunulia sikio, akanionyesha kupe wamejipanga kama punje. Kupe wanaleta magonjwa yanayopunguza zile chembe za kugandisha damu. Ukimpasua mbwa wa hivyo bila kumtibu, anaweza kuvuja mpaka akaisha mezani. Akatoa dawa ya kupe, akamchukua damu ya kupima, akatuambia turudi.

Niliona kama amenifukuza. Kumbe amenipa kitu ambacho mkimbizi hapewi mara nyingi: tarehe anayoijua mapema. Miezi mitatu. Wiki kumi na mbili. Nikarudi uani na hesabu: kila chumba 1,000 kwa wiki.

Lakini kwanza ilibidi tumlinde wiki zile zilizobaki za joto, na hapa niwaonye, hii ndiyo kazi yenyewe, kupasua ni kazi ya daktari. Madume walikuja kutoka Nsambya yote, mpaka upande wa reli. Walilala mlangoni. Walichimba chini ya bati. Tulimfungia kwenye stoo ya makaa, tukaziba tundu la ukuta kwa mlango mbovu, na vijana wangu wakakaa zamu, wawili wawili, mmoja na fimbo na mmoja na kitabu cha hesabu kwa sababu mitihani ilikuwa karibu. Damu ikipungua ndipo watu wanasema imekwisha wanamfungua. Hapana. Siku zile damu inapofifia ndizo anazokubali dume. Mfungie mpaka wiki tatu zitimie, na kama bado amevimba na madume hawajaondoka, ongeza siku. Ikitokea ameshika mimba, wahi kwa daktari, usisubiri tumbo lionekane. Na kama amekwisha zaa, wacha anyonyeshe, watoto waachishwe kama wiki ya nane, maziwa yakauke, halafu mpeleke mara moja, kwa sababu joto jingine linakuja kabla hujamaliza kugawa watoto wa kwanza.

Ndani ya wiki hizo ndipo ulipofanyika ule mkutano na makofi yake.

Aliyefuata kusimama baada ya papa alikuwa mama mmoja, na maneno yake sikuyacheka. Alisema: "Leo wanaanza na mbwa. Kesho watasema na sisi tunazaa sana." Kimya kikawa kizito. Wafanyakazi wa mashirika, hili mlisikie vizuri. Mama zetu wametoka mahali ambapo miili yao ilifanywa uwanja wa vita, na hapa kila wiki kuna mtu mwenye karatasi anawauliza wana watoto wangapi. Hofu hiyo si ujinga. Nilimjibu baadaye, chumbani kwake, mbele ya mume wake. Nilimwambia, mama, wewe una mdomo. Ukisema hapana ni hapana, na atakayekulazimisha amefanya dhambi na kosa la sheria. Mbwa hana mdomo wa kuulizwa, na chakula anakula kwetu, basi sisi ndio tutaulizwa. Hakusema amekubali. Lakini wiki iliyofuata alimtuma binti yake na 1,000.

Aliyetoa wa kwanza kabisa ni mama wa Kisomali wa chumba cha saba. Yeye hataki mbwa amguse, akiguswa na mate analazimika kuosha, na sisi tumemheshimu siku zote. Nilipita mlango wake nisimsumbue. Aliniita. Akatoa 10,000 palepale, mbali na ile 1,000 ya kila wiki. "Mimi sipendi mbwa uani," aliniambia. "Huyu mmoja nitamvumilia. Kumi siwezi. Chukua pesa."

Papa, nilipokuwa nimesimama mbele yako bila jibu, hilo ndilo ningepaswa kukujibu. Wewe humpendi mbwa. Ni haki yako. Basi wewe ndiye wa kwanza kutoa! Anayependa mbwa atapata raha kwa watoto wake wadogo angalau wiki nane. Asiyependa atapata nini?

Vyumba kumi na kimoja vilitoa mpaka mwisho: 132,000. Kumi za mama wa Kisomali: 142,000. Vijana waliuza sambusa Jumapili mbili nje ya kanisa, wakaleta 18,000. Jumla 160,000. Mia na thelathini za daktari, na 30,000 za gari, kwa sababu teksi hazikubali mbwa na bodaboda wa kwanza alipomwona aliondoka bila kuaga. Linganisheni na 260,000 za chanjo ya mtoto mmoja, mwaka mmoja, na cherehani iliyokwenda.

Siku yenyewe sina mengi. Hakula tangu usiku. Asubuhi saa kumi na moja nilimkuta mtoto anataka kumpa chapati "ili awe na nguvu," nikaifukuzia mbali. Tulimpeleka saa mbili, saa kumi alikuwa amerudi, anayumba kama mlevi, tumbo limenyolewa. Kola ya plastiki tuliikata kwenye dumu la mafuta ya kupikia la lita 20, tukalainisha makali kwa gundi ya karatasi. Siku ya nne aliruka ukuta, uzi mmoja ukavimba, nikalala macho wazi. Siku ya kumi na mbili nyuzi zikatolewa. Anabweka kama zamani. Waliosema mbwa akitolewa kizazi halindi, waje usiku wajaribu mlango.

Sasa nyinyi wenye magari meupe. Sitaji shirika. Nilikwenda kwenye ofisi moja na barua ya kikundi, nikaomba mbwa waingizwe kwenye mpango wa afya wa mitaa tunayokaa: siku moja ya chanjo, na majike wachache watolewe kizazi. Afisa aliisoma mpaka mwisho, nashukuru, kisha akasema mbwa hawamo kwenye kazi yao. Nikamwuliza, na mtoto aliyeng'atwa yumo? Akasema yumo. Kwa hiyo mnamwona mtoto kuanzia meno yanapoingia. Dakika moja kabla hamumwoni.

Shirika la Afya Duniani linasema kichaa cha mbwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, karibu wote kwa kung'atwa na mbwa, na kati ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 40 kwa mia ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea, ni kifo. Shirika hilo hilo na wenzake wamejiwekea mwaka 2030 pasiwe tena na mtu anayekufa kwa ugonjwa huo kutokana na mbwa. Namna yake inajulikana: kuchanja mbwa 70 kati ya kila 100. Pemba walifanya. Waliuondoa ugonjwa kisiwani mwaka 2014, chanjo zikalegea, mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, wakachanja upya mpaka ukaisha tena 2018. Pemba si Ulaya. Ni Waswahili wenzetu wenye mbwa wa mitaani kama hawa wetu.

Mtaniuliza kizazi kinaingiaje hapo. Kinaingia hivi: ukichanja 70 mwaka huu, na majike wakaendelea kuzaa na kufa na kuzaa, mwaka kesho sehemu kubwa ya mbwa unaowaona ni wapya, hawajawahi kuona sindano. Umemimina maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mbwa asiyezaa anaishi zaidi, na chanjo yake inabaki naye. Ndiyo maana nasema anzeni na majike. Ukihasi madume tisa ukaacha mmoja, huyo mmoja anawatosha majike wote wa mtaa. Jike mmoja ukimmaliza, umemmaliza.

Wala msiseme haijawahi kufanyika kwa watu waliotoka vitani. Pale Gulu, The BIG FIX Uganda wana mradi wa kuwaunganisha manusura wa vita vya LRA na mbwa waliookolewa mitaani. Mbwa wanachanjwa, wanatolewa kizazi au kuhasiwa, halafu mtu na mbwa wanafundishwa kukaa pamoja, na watu wanaoota bunduki usiku wanapata mwenza wa kulala mlangoni. Sisi hatujaomba hata hayo. Tumeomba daktari mmoja wa mifugo, hema moja, siku moja. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, mabango mnayachapisha kila mwaka, tumeyaona. Pesa ya bango moja kubwa ingefanya majike wangapi? Hilo mnalijua nyinyi, risiti ziko kwenu.

Na nyinyi wa Nakivale na Rwamwanja, ambako mbwa wanalinda mbuzi na mahindi na usiku wanazurura kote, msingoje hema. Anzeni na jike aliye karibu, kabla ya joto la kwanza mkiweza, kama miezi sita hivi, maana wengine wanaanza mapema hivyo. Mwulizeni afisa mifugo wa wilaya. Wekeni kopo. Elfu moja kwa wiki ni chapati mbili. Mtu akikataa, muacheni, wiki ijayo mumuulize tena.

Ua wa jirani, nyuma ya mashine ya kusaga, kuna jike wa rangi ya kahawia, meno yake yamebadilika juzi juzi, hajaanza joto. Kwenye kopo letu kuna 37,000. Jumamosi baada ya kikundi ninapita mlango kwa mlango na kile kijitabu. Papa, ninaanza na kwako.